Mkwe Aliuliza Mara Mbili

Ofisini siku ile tulikuwa watu watano. Wa kwanza mimi, niliyekuwa mshauri wa kikundi kwa sababu ya umri, maana elimu sina. Wa pili mwenyekiti wetu, jirani yangu ambaye tulibatizwa naye siku moja tukiwa wasichana. Wa tatu mama lishe mwenye banda mbele ya ofisi, Mnyaturu wa upande wa Ikungi, Mwislamu, mwanachama wetu na mtani wangu mkubwa. Wa nne binti yangu wa kwanza, ana mtoto mgongoni. Wa tano mume wake, yaani mkwe wangu, fundi wa kompyuta pale Singida mjini. Wa sita hakuwepo, na habari yote hii ni yake: binti wa marehemu kaka yangu, katibu wa kikundi, niliyemlea tangu ana miaka tisa.

Majina yao yote ninayo, ya ubatizo na ya nyumbani, na ya baba zao na ya babu zao. Hapa Shelui watu wakitaka jina la marehemu wa zamani huja kwangu, hata wakati wa kugawana mirathi. Lakini hapa siyaandiki. Mama lishe ametangulia, wengine wote wapo, na sitaki mjukuu wa mtu asome jina la bibi yake au babu yake ndani ya kosa langu mimi. Nilisoma hadi darasa la nne, na nikiwa mtu mzima nikaongeza kisomo cha jioni. Mtanivumilia.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa kila mtu. Ushirika ulionunua pamba yetu ulikuwa umeshakufa na ghala lake amepangishwa muuza mitumba. Kando ya barabara ya kwenda Nzega kila mwenye mlango alikuwa na duka, na asiye na mlango alikuwa na meza. Sisi akina mama kumi na mmoja tuliona wapishi wamezidi, tukafungua ofisi ya kuchapa. Tulianza na mashine ya taipu. Barua za maombi ya kazi, mikataba ya kununua viwanja, kadi za harusi, vyote vilipita kwetu. Baadaye tukanunua kompyuta iliyotumika, nyeupe iliyogeuka njano, na umeme tukaomba kwa jirani mwenye jenereta ya mashine ya kusaga. Akizima yeye, na sisi tunazima.

Kompyuta ilifika haina kitu ndani. Binti wa kaka yangu, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita na kusoma kozi ya mwaka mmoja Dar es Salaam, ndiye aliyetueleza kwamba mashine haijui chochote mpaka iwekewe mfumo, yaani kile kinachoamka kwanza ukiiwasha na kupokea kila unachokiamuru. Alisema mifumo ipo mingi, lakini kwetu sisi machaguo ni mawili. Kuna Windows, ambayo mjini kote ndiyo wanayoijua. Na kuna Linux, ambayo hutolewa bure, na mtu mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua na kuibadilisha apendavyo. Yeye alikuwa na hiyo ya pili kwenye sidii, kile kisahani king'aacho kinachoingizwa ndani ya kompyuta. Akaiweka.

Sasa sikilizeni kilichonipendeza mimi. Kule Dar kulikuwa na vijana na walimu wao wanaugeuza mfumo ule uzungumze Kiswahili, na huyu binti wa kaka yangu alipewa sehemu ya kazi hiyo. Alinifuata jikoni na daftari. Aliuliza, shangazi, ukiweka mtama mahali usiharibike unasemaje? Shangazi, ukianza kazi halafu ukaona hapana, unasemaje? Neno moja lilitoka Dar likiwa limeshaandikwa, Ghairi. Mama lishe alipoliona kwenye kioo alitoa mikono kwenye mashine kama aliyeungua.

"Hii kitu inanitukana?"

"Hapana, mama, inauliza kama unataka kuacha."

"Basi iseme kuacha. Mimi sikusoma madrasa ya Unguja."

Binti akacheka, akaandika Acha, na likabaki Acha. Kwa namna hiyo alijaza maneno tangu mavuno ya mtama hadi mvua za kwanza, kila siku jenereta ikiwaka. Mama lishe alijifunza kuandika orodha ya vyakula vyake na kuitoa kwenye karatasi. Mimi niliandika barua kwa kijana wangu aliyekuwa kazini relini Itigi, barua ya kwanza maishani mwangu ambayo hakuna mtu mwingine aliyeisoma kabla yake. Nasema haya ili mjue kwamba nilijua thamani ya kile kilichokuwa ndani ya mashine ile. Nisije nikajificha kwenye ujinga.

Ikaja barua kutoka kwa wale wa Dar. Wangepita Shelui Jumatatu ya wiki iliyofuata, wakielekea Mwanza, waone kwa macho yao akina mama wasio na Kiingereza wakiitumia kompyuta kwa maneno ya kwao. Wakiridhika wangemchukua binti wa kaka yangu mwaka mzima, afanye kazi nao na wamsomeshe. Aliisoma barua ile kwa sauti akiwa amesimama. Mimi nilimpongeza. Nilipoingia ndani nilikaa kitandani nikaanza kuhesabu ni nani angebaki nyumbani kwangu, nikapata jibu kwamba hakuna.

Kikundi nacho kilikuwa na malalamiko yake, na yalikuwa ya kweli. Walimu walileta diski zilizoandikwa mjini kwa Windows, na zikifunguliwa kwetu maandishi yanahama. Mtihani wa darasa la saba ulitoka maswali yapo ukurasa huu na picha zake ukurasa ule. Mwalimu alichukua karatasi zake akaenda kuchapa Singida, na tangu hapo hakurudi. Mwenyekiti akaitisha kikao siku ya Alhamisi. Alisema yeye hana ugomvi na Kiswahili, lakini mteja akija na diski yake anataka itoke kama alivyoiandika. Kisha akasema neno lililotuingia wote, kwamba huyu binti ndiye mtu pekee wa Shelui anayeijua Linux, na siku akiolewa au akiondoka, nani ataitengeneza? Wa Windows wapo tele, hata mkwe wa mshauri wetu ni mmoja wao.

Na kweli, mkwe alikuwa ameshatuma ushauri wake kupitia binti yangu, aliyekuja kututembelea wiki ile. Alisema tuweke Windows, sidii anayo, atakuja Jumamosi kutuwekea.

Binti wa kaka yangu alijibu kwa utaratibu. Alisema mashine moja inaweza kukaa na mifumo yote miwili, na asubuhi ukiiwasha inakuuliza leo unataka upi. Wa wateja uwe huu, wa akina mama uwe ule.

"Wake wawili chumba kimoja," alisema mama lishe. "Mimi nimeyaona hayo kwa mume wangu. Chumba kilikuwa hakitoshi hata sisi kugeuka."

Tulicheka sana, na yeye binti alicheka pia. Lakini mwenyekiti alisema binti yangu ameleta na maelezo ya mumewe kuhusu hilo, kwamba mashine yenyewe ni ya zamani, nafasi ndani ni ndogo, miwili itabanana. Hapo binti wa kaka yangu akakosea. Akasema sidii ya shemeji ni ya kunakili, haina stakabadhi, na kikundi chenye usajili hakifai kukaa na kitu cha namna hiyo.

Binti yangu aliinamisha uso kwa mtoto wake. Waliinua mikono, watano huku na watano huku, na wote wakanitazama mimi niliyebaki.

Msiojua desturi zetu niwaeleze. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na neno la mmoja kwa mwingine hupitia kwa mtu wa katikati. Ni heshima, wala si chuki. Na mimi kuinua mkono upande wa yule aliyesema sidii ya mkwe wangu ni ya wizi, mbele ya mke wake, ingekuwa kumvua nguo. Niliinua mkono upande wa Windows. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na watu waliielewa bila mimi kuisema.

Jioni ile binti wa kaka yangu alichochea moto jikoni muda mrefu. Hakununa. Alisema kikundi kimeamua na yeye ataheshimu, lakini kazi yake yote ya tangu mavuno imo ndani ya mashine ile, na diski alizokuwa nazo zimeliwa na vumbi. Angetoka alfajiri na basi la kwanza kwenda Singida kununua diski mpya, arudi Jumamosi asubuhi, anakili kazi yake, ndipo shemeji aweke anachotaka. Jumatatu angewaomba wageni wamtafutie kompyuta nyingine hata ya kuazima.

"Mwenyekiti ana hasira na mimi, simwambii," alisema. "Wewe ndiye nakuachia, shangazi. Akitokea mtu kabla sijarudi, asiiguse."

Nikamwambia lala, mwanangu, nimesikia.

Ijumaa saa nne asubuhi mkwe akatokea. Alikuwa amepata gari la kwenda Nzega ambalo lingesimama Shelui hadi saa saba, akaona badala ya kuja Jumamosi amalize kabisa. Nilisikia hodi yake, nikasogeza kigoda changu hadi pembeni, nikavuta kanga kichwani, nikakaa nimeelekea ukuta. Alinisalimu shikamoo akiwa amesimama nje ya mlango, nami nikaitikia marahaba nikiwa nimetazama chini. Desturi inaruhusu hilo. Mwenyekiti alimkaribisha kwenye kiti.

Binti yangu alipitisha kati yetu salamu za watoto na za shamba, kisha mtoto akajichafua, akatoka kwenda kumwosha bandani. Mama lishe aliitwa na madereva. Mwenyekiti alisema mgeni hawezi kufanya kazi koo kavu, akafuata soda dukani. Yote hayo yalitokea kwa muda mfupi, na ghafla tulikuwa wawili ofisini, mimi na mkwe wangu, jambo ambalo halikupaswa kuwa. Nilipaswa kutoka. Lakini yeye alikuwa amekaa karibu na mlango, na ili nitoke ilibidi nipite mbele ya magoti yake.

Jenereta iliwaka. Nikasikia mashine inaamka. Nikasikia sidii inaingia.

Lazima niseme na jambo hili jingine la desturi, ambalo kwa miaka mingi nimekuwa nikiliruka ninaposimulia. Mama mkwe na mkwe wakikosa mtu wa katikati, hawabaki mabubu. Nyumba ingeungua ingekuwaje? Mtu huongea na kuku, au na mlango, au na chungu, na mwenzake anasikia, kisha naye anakijibu kile chungu. Kila mtu aliyelelewa kwetu anajua hivyo. Marehemu mume wangu na mama yangu mzazi waliwahi kupatana bei ya ng'ombe kwa kuongea na mchi.

Pale mlangoni palikuwa na ndoo ya maji ya kulowesha sakafu. Mkwe wangu, kijana aliyefunzwa, aliigeukia ndoo ile akasema taratibu:

"Sijui kama humu ndani kuna kazi ya mtu. Nikianza, kila kitu kinafutika."

Alisubiri. Mimi nilikuwa nikitazama ukuta, mahali chokaa ilipobanduka. Nilimsikia hata akipumua. Neno lililotakiwa lilikuwa moja, Ipo. Ningeuambia ukuta, ningekiambia kigoda. Hata saa kumi na tano zilikuwa hazijapita tangu nilipopewa agizo jikoni na mtu niliyemnyoa nywele kwa mkono wangu siku tulipomzika baba yake.

Akaiuliza ndoo mara ya pili. "Kuna cha mtu humu?"

Sikuwa nimesahau. Kichwani mwangu nilimwona binti wa kaka yangu anapanda basi la Dar, na begi lake, na mimi nimesimama barabarani. Nikaona pia nyumba yangu jioni. Hayo ndiyo niliyoyaona, na sikufikiria kingine. Nikavuta kanga ikafika machoni.

"Basi naanza," aliiambia ndoo.

Mwenyekiti aliporudi na soda, mstari ulikuwa unatambaa kwenye kioo. Akauliza kama kila kitu kiko sawa. Mkwe alisema kiko sawa. Mama lishe alichungulia akasema ile orodha yake ya vyakula basi imeenda, ila haidhuru, anaijua kwa kichwa. Saa saba kasoro mkwe alishika mfuko wake akaondoka.

Binti wa kaka yangu alirudi Jumamosi kabla ya saa tatu, diski kumi zikiwa kwenye kiboksi, bado na nailoni yake. Mimi nilikuwa nafagia uani. Alinisalimia shikamoo, akapita moja kwa moja ofisini. Aliporudi alikuwa ameshika kile kiboksi kwa mikono miwili.

"Shangazi, shemeji alikuja."

"Alikuja."

"Hukumwambia?"

"Mwanangu, sikuwa na mtu wa kumtuma. Wote walitoka."

Alinitazama. Yeye naye ni wa kwetu, anajua habari ya chungu na mlango. Nilimwona anaijua. Alikaa juu ya gogo la kuni akasema, "Ni kweli, mkwe ni mkwe." Hakusema zaidi ya hapo, siku ile wala siku nyingine.

Alikwenda kuomba airudishe Linux kwa siku tatu tu, na mwenyekiti akakataa, akasema mashine ya kikundi haichezewi kila wiki. Basi usiku na mchana wa Jumapili tuliketi na daftari, mimi nataja maneno, yeye anaandika. Yaliyokuwa yametoka kinywani mwangu niliyakumbuka yote, hata moja halikunipotea, na nilijiona mtu mwema kwa kufanya hivyo. Lakini kupanga maneno yale ndani ya mfumo, kila moja mahali pake, ndiyo kazi yenyewe iliyomchukua miezi, na hiyo haikuwa kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote.

Jumatatu wageni walifika, watu watatu wenye adabu. Walimkuta mama lishe amejifunga kanga mpya, tayari kuonyesha. Kioo kikawaka kwa Kiingereza. Aliweka mikono magotini akasema hii siyo yangu. Wageni walilipekua daftari, wakausifu mwandiko, wakauliza maswali machache kuhusu nakala. Binti wa kaka yangu alisema nakala hakutunza, ni uzembe wake. Alisema hivyo mimi nikiwa nimesimama pale, na wao wakaandika. Walikunywa chai. Nafasi ile ilikwenda kwa mtu mwingine, wa mkoa mwingine.

Akabaki nami. Ofisi iliendelea, walimu walirudi na diski zao, mitihani ikatoka imenyooka. Mwenyekiti hakuwa amesema uongo. Mama lishe hakugusa tena kompyuta, alikuwa akiniletea karatasi ya kuandikiwa kama zamani, nami nilikuwa nikimwandikia kwa mkono. Binti wa kaka yangu alichapa kadi za harusi za watu miaka minne, kisha akaolewa Kinyangiri, akawa mkulima wa vitunguu na mwalimu wa watoto wa kanisani. Wajukuu hununua simu siku hizi, wananionyesha kwamba inaongea Kiswahili, nabonyeza hapa na pale, natafuta kama kuna neno la kwangu. Yeye huja kila baada ya mavuno. Ananiosha miguu, ananikata kucha, ananiuliza kama nimekula. Angekuwa ananinunia ningepumua.

Mwaka jana niliamua kumwomba radhi. Kabla sijamwendea nilimtuma binti yangu kwa mumewe, anihakikishie alichouliza siku ile, nisije nikasema uongo hata kwenye toba. Jibu lilirudi, nami bado silali nalo vizuri. Mkwe anasema ni kweli aliuliza, na aliuliza mara mbili. Lakini anasema mara ya pili nilijibu. Anasema niliuambia ukuta, "Hakuna." Anasema asingethubutu kuanza bila jibu, kwa sababu alijua katibu ana mambo yake humo, na ndiyo maana aliuliza.

Mimi nakumbuka nilinyamaza. Nakumbuka chokaa, nakumbuka kanga, nakumbuka soda ilikuwa ya chungwa. Neno lile silikumbuka. Radhi bado sijaomba, maana sijui niombe ya kunyamaza au ya kusema. Mwenyekiti angali hai, na huenda alikuwa amefika kizingitini na soda yake wakati ule. Binti yangu naye banda halikuwa mbali, sauti hufika. Kama yupo kati yenu aliyesikia, au aliyesimuliwa na aliyesikia, anikosoe nikiwa bado naweza kwenda Kinyangiri kwa miguu yangu.